Kuihamia Hati Mpya: Safari ya Maandishi ya Kisomali Ikitazamwa Kutoka Garissa

1. Utangulizi

Msomaji wa Kiswahili apitaye katika mtaa wa Iftin mjini Garissa, akikuta kibao kilichoandikwa Caano geel, kuna hatari asome "chaano" na kushangaa ni kitu gani kinachouzwa pale. Mwandishi wa kibao hakukosea. Herufi c katika Kisomali husimama mahali pa sauti ile ya koromeo ambayo Waarabu huiita ain, na maneno yenyewe maana yake ni maziwa ya ngamia. Msomaji na mwandishi wote wawili hutumia herufi za Kirumi, na zote zimetoka katika chapa moja. Lakini kila mmoja wao alizifikia kwa njia yake, na kwa sababu hiyo hawasomi kitu kimoja.

Makala hii inakusudia kueleza jinsi jamii inavyoyahamisha maandishi yake kutoka chombo cha zamani na kuyatia katika chombo kipya. Jambo hili si la historia tu. Siku hizi, kila baada ya miaka michache, kikundi cha watu wenye mazungumzo na kumbukumbu zao katika kompyuta hulazimika kuziondoa katika programu iliyochakaa na kuziweka katika programu mpya, na mara nyingi kazi hiyo hufanywa na watu wanaojitolea baada ya saa za kazi. Wanaohusika hudhani kwamba tatizo lao ni geni. Kwa maoni yetu, tatizo hilo limekwisha kuonekana kwa ukubwa zaidi katika Kisomali, na mtu akikaa Garissa huliona vizuri kuliko akikaa mahali pengine.

Hoja yetu ni kwamba uhamishaji wa namna hii una kazi tatu: kukichagua chombo, kuwavusha watu, na kukitunza kilichobaki nyuma. Kazi ya kwanza hupewa wataalamu, na historia huwataja kwa majina. Ya pili hufanywa na wenye kujitolea, nao hutajwa kwa idadi tu. Ya tatu mara nyingi haipewi mtu yeyote, na hapo ndipo hasara huingia.

2. Vyombo vya zamani

Si kweli kwamba Wasomali hawakuwa na maandishi kabla ya mwaka 1972, ingawa usemi huo husikika mara kwa mara. Kwa karne nyingi wanavyuoni, ambao kwa Kisomali huitwa wadaad, waliandika Kiarabu, na pale ilipohitajika waliandika Kisomali kwa herufi za Kiarabu. Mapokeo ya Wasomali humtaja Sheikh Yusuf al-Kawnayn, ajulikanaye pia kwa jina la Aw Barkhadle, kuwa ndiye aliyezipa alama za irabu za Kiarabu majina ya Kisomali ili mtoto azielewe kwa lugha ya mama yake. Mpaka leo mtoto katika chuo cha Kurani, mkononi ana ubao wake uitwao loox, hutaja alama hizo kwa Kisomali: iliyowekwa juu, iliyowekwa chini, iliyopindwa. Huu ni uhamishaji wa aina ya kwanza kabisa, nao ulifuata kanuni njema: herufi zilikuwa za kigeni, lakini ngazi ya kuzipandia ilikuwa ya nyumbani.

Hata hivyo hati ya Kiarabu iliwabana Wasomali kama ilivyowabana Waswahili. Kisomali kina irabu tano, kila moja fupi na ndefu, na hati ya Kiarabu ina alama tatu tu za irabu fupi. Aidha haina herufi ya g, wala ya ile d itamkwayo kwa ncha ya ulimi iliyopindwa nyuma. Wanafunzi wa tenzi za Kiswahili wanaijua shida hii: neno moja katika muswada laweza kusomwa kwa namna mbili au tatu, na msomaji husaidiwa na vina, mizani na kumbukumbu ya moyoni kuliko herufi zenyewe.

Ndiyo sababu walitokea watu waliobuni hati mpya kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Osman Yusuf Kenadid, wa ukoo wa masultani wa Hobyo, aliunda hati ambayo baadaye iliitwa kwa jina lake, Cismaanya. Huandikwa kutoka kushoto kwenda kulia, nayo ina herufi kwa kila sauti ya lugha, irabu zikiwamo. Katika miaka ya 1930 Sheikh Abdurahman Sheikh Nur wa Borama aliunda nyingine, na mwaka 1952 Hussein Sheikh Ahmed Kaddare akaleta ya tatu. Kwa kipimo cha isimu, hati hizi zilikuwa nzuri. Kasoro yake ilikuwa nje ya isimu: kila moja ilitazamwa kuwa mali ya watu wa mahali fulani au wa ukoo fulani, na hakuna hata moja iliyokuwa na taipureta au kiwanda cha chapa kilichoijua.

3. Kukichagua chombo

Somalia ilipopata uhuru mwaka 1960, Kiingereza kilitumika kaskazini, Kitaliano kusini, na Kiarabu katika dini na biashara, hali lugha ya wote haikuwa na maendelezo rasmi. Tume iliyoongozwa na Musa Galaal, mtaalamu mkubwa wa fasihi simulizi ya Kisomali, ilizichunguza hati 18. Mwaka 1966 ilikuja tume ya UNESCO iliyokuwa na B. W. Andrzejewski, mwanaisimu Mpolandi aliyefundisha London, nayo ikapendekeza hati ya Kirumi. Matokeo yake yalikuwa ghadhabu. Wapinzani walipata silaha kali katika mchezo wa sauti: Laatiin, yaani Kilatini, walisema ni laa diin, maneno ya Kiarabu yenye maana ya "pasipo dini". Serikali za kiraia ziliogopa kuamua.

Yafaa tutanabahi hapa kwamba wakati wakubwa wakisitasita, kazi ilikuwa ikiendelea mikononi mwa mtu mmoja. Mnamo miaka ya 1966 na 1967 Shire Jama Ahmed alichapisha jarida lake, Iftiinka Aqoonta, yaani "Mwanga wa Elimu", lililojaa hadithi na mashairi, akilitumia kuonyesha kwamba Kisomali chaweza kuandikwa kwa herufi zilizomo katika taipureta yoyote bila kuongeza hata nukta. Neno iftiin, "mwanga", ndilo hilohilo la mtaa wa Iftin tulioanza nao. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1969 serikali ya Siad Barre iliunda tume nyingine, na tarehe 21 Oktoba 1972 ikatangaza kuwa Kisomali kitaandikwa kwa herufi za Kirumi. Mfumo uliochaguliwa ulikuwa kwa asili ni ule wa Shire Jama.

Mfumo huu una busara mbili zinazostahili kuelezwa kwa kirefu kidogo.

Ya kwanza ni uwekevu. Sauti ambazo Warumi hawakuwa nazo hazikutafutiwa alama mpya. Zilipewa herufi ambazo Kisomali hakikuzihitaji kwa kazi nyingine. Herufi x ilipewa ile h ya kooni ya Kiarabu, c ikapewa ain, q ikapewa sauti ya nyuma ya kaakaa, na dh ikapewa d ya ulimi uliopindwa. Irabu ndefu huandikwa mara mbili. Herufi p, v na z hazimo.

Ya pili ni adabu kwa chombo cha zamani. Mpangilio wa alfabeti ya Kisomali haufuati a, b, c ya Ulaya. Baada ya alama ya kituo cha kooni huja b, t, j, x, kh, d, r, s, sh, dh, c, g, f, q, k, l, m, n, w, h, y, na irabu hufuata baadaye. Aliyesoma chuoni ataitambua mara moja: ni alif, be, te ya Kiarabu iliyoondolewa herufi zisizohitajika. Mzee aliyekariri Kurani akiwa mtoto aliingia nyumba mpya akakuta vyombo vimepangwa kama alivyovizoea. Wale waliodai kwamba hati mpya imeikana dini hawakuutazama utaratibu wake.

4. Kuwavusha watu

Tangazo la hati laweza kusomwa kwa dakika moja. Kuwafikisha watu kwenye hati hiyo ni kazi ya miaka. Watumishi wa serikali walipewa miezi tu kujifunza maendelezo na kufanyiwa mtihani, na kuanzia mwaka 1973 Kisomali kikawa lugha ya ofisi na ya gazeti. Wakaaji wa mijini walifundishwa mwaka huo. Lakini Wasomali walio wengi walikuwa wafugaji wahamao, na shule haikuweza kuwekwa mahali pamoja ikawangoja.

Kwa hiyo, kuanzia Agosti 1974 hadi mwanzoni mwa 1975, shule za sekondari zilifungwa na wanafunzi pamoja na walimu wao, zaidi ya watu 20,000, walipelekwa nyikani. Kijana alibeba ubao wa kukunjwa na blanketi, akakaa na familia ya wafugaji kama mgeni wao, akahama walipohama, akafundisha chini ya mti mifugo ilipotulia. Wito wa kampeni ulikuwa mwepesi: ujuaye, fundisha, usiyejua, jifunze.

Katikati ya kampeni ilikuja ile njaa inayokumbukwa kwa jina la Dabadheer, "yenye mkia mrefu", iliyoua mifugo kwa wingi. Mwalimu wa herufi akageuka kuwa mgawaji wa chakula na mwandikaji wa majina ya wenye shida. Makumi ya maelfu ya wafugaji walihamishiwa kusini mwaka 1975. Wengine wameandika kwamba njaa iliiharibu kampeni. Sisi twaona kwamba iliidhihirisha maana yake vilevile. Mfugaji aliyekuwa na wasiwasi na ubao wa kijana yule sasa aliona faida ya maandishi: jina lililoandikwa lilipata posho.

Hata hivyo haifai tusifu kupita kiasi. Wanafunzi wale walikwenda kwa moyo, na wengi wao walieleza baadaye kwamba kipindi hicho kilikuwa bora katika ujana wao; lakini walikwenda kwa amri. Katika nchi iliyotawaliwa na askari, kujitolea kwa mtu asiyeweza kukataa ni kujitolea nusu. Tukitaka kuona uhamishaji uliofanywa kwa hiari tupu, hatuna budi kuvuka mpaka.

5. Garissa: kuhama bila amri

Wasomali wa Kenya hawakuguswa na tangazo la mwaka 1972. Shule za Mkoa wa Kaskazini Mashariki ziliendelea na Kiingereza na Kiswahili, na ingawa ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza lugha ya eneo itumike katika madarasa matatu ya mwanzo, pendekezo hilo halikuwa amri ya kufundisha maendelezo ya Kisomali. Kilichovuka mpaka kwa urahisi ni sauti: idhaa ya Kisomali ya BBC, iliyoanza mwaka 1957, ilisikizwa kila kwenye redio. Redio, kama ijulikanavyo, haifundishi herufi.

Baada ya kuanguka kwa serikali ya Somalia mwaka 1991, wakimbizi waliingia kwa wingi na kambi za Dadaab zikafunguliwa: Ifo, Dagahaley na Hagadera. Miongoni mwao walikuwamo watu waliosomeshwa kwa Kisomali tangu darasa la kwanza. Hivyo maendelezo yaliyoamriwa Mogadishu yalifika Garissa yakiwa hayana serikali nyuma yake. Yalipita kwa barua, kwa vibao vya maduka, kwa ndugu aliyemwonyesha ndugu. Baadaye yalipita kwa simu za mkononi.

Kwa mtu wa Garissa kazi haikuwa kujifunza kusoma, kwa kuwa herufi za Kirumi alizipata kwa Kiswahili. Ilikuwa kuzipa herufi azijuazo thamani nyingine. Hapa Kiswahili chaweza kuwa daraja, kwani lugha zote mbili zimekopa kwa Kiarabu. Tazama mifano hii, Kisomali kikitangulia:

caqli – akili
cilmi – elimu
cimri – umri
saacad – saa
xaq – haki
xisaab – hesabu

Kanuni yajitokeza yenyewe. Penye c ya Kisomali, Kiswahili hakina konsonanti. Penye x, Kiswahili kina h. Mwalimu wa Kiswahili aliye Garissa akiziandika jozi kama hizi ubaoni, darasa lake litakuwa limepata ufunguo kabla kipindi hakijafikia nusu. Haimpasi awe mjuzi wa Kisomali. Wanafunzi watamletea mifano mingine wenyewe. Na kibao cha Caano geel hakitamtisha mtu tena.

Mji huu una mfano mwingine wa busara ya kuvusha watu. Mwaka 1996 shirika la maktaba la taifa lilianzisha hapa Garissa huduma ya kupeleka vitabu kwa wafugaji kwa ngamia. Wazo lake ni lile la wanafunzi wa mwaka 1974: chombo kimfuate msomaji, badala ya msomaji kusumbuka kukitafuta chombo.

6. Kilichobaki nyuma

Tumefika kwenye kazi ya tatu. Katika uhamishaji wowote kuna vitu visivyopakiwa, na lazima tuvihesabu.

Kwanza, kuna tofauti za lugha yenyewe ambazo hati mpya haizionyeshi. Kisomali hutofautisha maneno kwa toni, lakini toni haiandikwi. Neno inan ni mvulana likipandishwa mwanzo, na ni msichana likipandishwa mwisho. Katika maandishi ni mamoja. Msomaji mzawa hatatizwi sana, ila mgeni na kompyuta hutatizwa.

Pili, kuna waliozungumza tofauti. Maendelezo ya mwaka 1972 yalifuata Kisomali cha wafugaji wa kaskazini na kati. Wasemaji wa Maay, wanaokaa baina ya mito ya Juba na Shebelle, ambao baadhi yao wamo Dadaab, walikuta nyumba mpya haina chumba chao. Usemi wao una sauti zisizo na herufi katika mfumo ule.

Tatu, kuna waliosoma kwa hati za zamani. Mzee aliyeweza kuandika barua kwa herufi za Kiarabu au kwa Cismaanya aliamka asubuhi moja akahesabiwa miongoni mwa wasiojua kusoma. Waswahili tunayajua haya. Herufi za Kirumi ziliposhika shule na ofisi zetu chini ya ukoloni, mabibi na mababu wengi wa pwani waliokuwa wakiandikiana barua na tenzi waliingizwa katika orodha ya wajinga, na maandishi yao yakalala masandukuni. Ndiyo maana methali yetu huonya: usiache mbachao kwa msala upitao.

Nne, na hili lagusa Garissa kila siku, ni majina ya watu. Hati za Kenya huandika Abdi, Hassan, Omar. Maendelezo ya Kisomali huandika Cabdi, Xasan, Cumar. Mji wa Elwak, ambao jina lake limejengwa juu ya neno la kisima, ceel, huandikwa Ceelwaaq. Mtu mmoja aweza kuwa na cheti chenye jina la namna moja na barua yenye jina la namna nyingine. Karani anayemtafuta kwa herufi ya A hatamwona kwa C, naye huyo mtu, aliyezaliwa kwa jina moja na mama mmoja, amekuwa watu wawili karatasini. Kwa mkoa ambao wakaaji wake wameulizwa vitambulisho kuliko Wakenya wengine wengi, hili si suala dogo la tahajia.

7. Somo kwa wahamishaji wa leo

Wanaoyahamisha mazungumzo ya jamii kutoka programu moja ya kompyuta kwenda nyingine wanaweza kujipima kwa mizani hii ya Kisomali.

Katika kuchagua, programu iliyo bora katika vitabu yaweza kushindwa na ile ambayo watu wana vyombo vya kuitumia. Cismaanya ilishindwa na taipureta. Na mpangilio mpya ukiweza kuhifadhi mpangilio wa zamani, kama alfabeti ya Kisomali ilivyohifadhi ule wa chuoni, uhifadhi.

Katika kuvusha watu, wenye kujitolea watumwe kukaa na watumiaji, wawafundishe pale walipo. Mwongozo ulioandikwa na kutundikwa mahali hautoshi. Tena wapewe ruhusa ya kuiacha kazi ya herufi kwa muda pale njaa inapokuja. Watu hukumbuka zaidi aliyewasaidia katika shida kuliko aliyewasomea kanuni.

Katika kutunza, ateuliwe mtu mmoja wapo kabla safari haijaanza, na kazi yake iwe kuhesabu kisichopakiwa. Majina ya watu yaangaliwe kwanza, maana mtu akihamishwa bila jina lake, maneno yote aliyosema yamekuwa ya mgeni. Na chombo cha zamani kisichomwe. Mwaka 2003 herufi za Cismaanya ziliingizwa katika Yunikodi, mfumo wa kimataifa wa kuzipa herufi namba ili kompyuta zote zizitambue. Hati iliyoshindwa na taipureta mwaka 1972 ikapata nafasi yake katika kompyuta baada ya miaka 31, kwa sababu walikuwapo watu walioitunza.

8. Hitimisho

Wafugaji wa Kisomali wana neno sahan, ambalo ni kupeleka wapelelezi mbele wakatazame malisho na maji kabla kambi haijang'olewa. Tumezoea kuwasifu wapelelezi hao, na ni haki. Lakini kambi huhama salama kwa sababu kuna waliofunga mizigo, na kwa sababu yupo aliyerudi nyuma kuangalia kama kuna mtoto au mwanambuzi aliyesahauliwa.

Idara zetu za lugha zina wapelelezi wa kutosha. Lililo mbele yetu, hasa kwa vyuo vilivyo karibu na Garissa, ni kumweka mtu wa kurudi nyuma: akusanye barua za herufi za Kiarabu zilizomo majumbani, aandike sauti za Maay, na atunge orodha rasmi ya kulinganisha majina ya Kisomali na namna yanavyoandikwa katika hati za Kenya. Kazi hiyo ya mwisho ni ya kurasa chache. Itakapokamilika, Abdi na Cabdi watakuwa tena mtu mmoja.